Mwalimu Élise na Mlima Juu ya Maji

Kwenye programu mliyopewa mlangoni, ukurasa wa pili, chini ya picha ya dada yangu mkubwa Kavugho Élise, imeandikwa kwamba ametutoka "baada ya ugonjwa mfupi." Imeandikwa pia kwamba atazikwa juu ya mlima wa Kavisire, katika ardhi ya familia. Programu hiyo ilichapishwa Jumapili na kamati ya mazishi. La pili si kweli tena, na la kwanza halikuwa kweli hata siku moja. Kwa hiyo karatasi hii ya fotokopi iliyowekwa katikati ndiyo wasifu wake. Nimeuandika mimi, Sophie, mdogo wake, muuza maharagwe wa Kimemi, hapa Butembo. Niliuandika jana Jumatatu nikiwa na hasira, na leo Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 ninausoma nikiwa nayo bado. Mchungaji aliniomba nipunguze. Nimepunguza, na hiki ndicho kilichobaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1962 huko Masereka, katika familia ya watoto sita. Leo tumebaki wawili: kaka yetu mkubwa Melchior, ambaye ndiye mkuu wa familia, na mimi. Baba na mama walilima viazi kwenye mteremko ambao ukiangusha kiazi unakwenda kukitafuta kwa jirani. Mwaka 1974 baba alinunua mlima mdogo wa Kavisire, pembeni ya mji wa Butembo, tukahamia. Chini ya mlima huo kuna chemchemi. Mtaa mzima unachota hapo. Maisha ya dada yangu yaliizunguka chemchemi hiyo, kwa hiyo nitaitaja mara nyingi, mnivumilie.

Shule ya msingi aliisoma Masereka, kuanzia 1968 hadi 1974. Alipokuwa darasa la tano alikuja inspekta, akauliza: udongo ni nini? Jibu lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa Kifaransa, na watoto walikuwa wamelikariri wiki nzima kama zaburi. Inspekta akamnyooshea kidole Élise. Akasimama, akasema: "Udongo ni ile kitu baba na baba mudogo habasemezane juu yake." Inspekta alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu hakucheka. Gari la inspekta lilipoondoka, dada alichapwa fimbo sita. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba jibu la ubaoni lilikuwa sahihi, na lake lilikuwa sahihi, ila hakuna mtu aliyejaribu kuyakalisha majibu hayo pamoja. Alisoma sekondari Butembo, sehemu ya ualimu, akapata diploma ya serikali mwaka 1981.

Tangu 1982 hadi 2003 alifundisha shule ya msingi katika commune ya Kimemi. Wanafunzi wake wa darasa la tano wako hapa, wengine wana mvi. Mwaka 2004 kanisa letu lilimpa chumba kila Jumamosi ili afundishe akina mama kusoma. Walikuja kumi na wanane, na wote walikuja wamechelewa. Jumamosi ya tatu alifunga kitabu cha herufi, akauliza kwa nini wanachelewa. Mmoja akamjibu: "Mwalimu, siye tunatoka ku maji. Saison sèche, kiangazi hiki, maji inakuwa kidogo sana. Unapanga bido saa kumi na moja, unapata maji saa tatu. Sasa tusome a-e-i-o-u na kiu?"

Neno la kwanza walilosoma baada ya hapo lilikuwa maji. La pili lilikuwa swali zima: kwa nini yanapungua? Dada hakujua, na hakuona haya kusema hajui. Alimwita mhandisi wa kilimo. Alimwita muuguzi, na mtu wa sheria, na bibi mmoja aliyekumbuka ni miti gani ilikuwa juu ya chemchemi zamani. Alimwita Maliro, mpasua mbao, ambaye mikaratusi yake ndiyo iliyokuwa imesimama pale juu, ikinyonya maji. Kila mmoja alikuja na jibu lake moja mfukoni, na kila mmoja alidhani wengine wameitwa kumsikiliza yeye.

Basi akaweka sheria iliyoleta kelele mtaa mzima. Mwezi wa kwanza hakuna ruhusa ya kuzungumzia kazi yako. Utafanya kazi ya mwenzako. Ingénieur Éliakim, yule mhandisi wa kilimo, ambaye leo amebeba msalaba mbele ya jeneza, alikuja na ripoti ya kurasa arobaini. Akapewa bido, dumu la lita ishirini, apande nalo mlima. Alianguka mara mbili, na suruali ikapasuka mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya mchungaji. Akaketi matopeni, akasema: "Mais, hii njia ni nani aliipimaka?" Mama mmoja akamjibu: "Ni miguu yetu, ingénieur." Ripoti ile hakuimaliza kuisoma. Alikaa na darasa miaka ishirini na moja.

Maliro naye alipewa kazi ya kupanga foleni ya maji, siku sita, kiangazi. Siku ya tatu alikuwa amegombana na wanawake wanne. Siku ya sita alikuwa anawabebea bido. Mwaka 2008 aliikata mwenyewe mikaratusi yote iliyozunguka chemchemi, kabla haijafikia unene wa mbao, akapanda mivumu na mianzi. Mke wake alimwambia amerogwa na mwalimu. Kiangazi cha 2012, bido lililokuwa linajaa kwa robo saa likawa linajaa kwa dakika mbili. Watu walisema ni Mungu. Dada alisema sawa, ni Mungu, lakini panga lilikuwa la Maliro.

Darasa hilo alilipa jina Kyaghanda. Wazee mnajua kwa nini lilikuwa jina la hatari. Kyaghanda ya zamani ilikuwa nyumba ya wanaume. Humo walikaa kando ya moto wakiamua kesi na kufundisha wana wao, na mwanamke aliingia akiwa ameshika chakula, akatoka. Kaka Melchior, uko hapa kwenye kiti cha kwanza, kwa hiyo sikusemi nyuma yako. Ulisema: "Kyaghanda ya banamuke? Na moto bataota ku sufuria?" Watu walicheka wiki nzima. Yaya Élise, kama tunavyomwita ndugu mkubwa awe dada au kaka, hakukujibu, kwa sababu ulikuwa mkubwa wake. Alikutumia mwaliko. Ulitumiwa mwaliko kila mwaka kwa miaka ishirini na moja, na hukuja hata Jumamosi moja.

Katika Kyaghanda hiyo watu wazima walijifunza mambo ambayo shule huyagawa vipande. Walianza na mtoto anayeharisha, wakafika kwenye choo, wakafika kwenye kiwanja, wakafika kwenye sheria ya mirathi, wakafika kwa mjane aliyefukuzwa kwenye shamba akaenda kulima ukingo wa mto, wakaelewa kwa nini mto unabeba udongo. Walikwenda Masereka kuangalia dawa wanazonyunyizia viazi, na aliyepewa kusoma karatasi ya chupa mbele ya wote alikuwa mama ambaye miaka miwili nyuma hakujua herufi. Watu wa miradi walikuja na magari yao. Wakamuuliza: somo lako ni kilimo, afya, au amani? Tuna fomu tatu. Akawaambia waandike yote katika fomu moja. Wakasema fomu haikubali. Akawaambia: "Donc, ni fomu njo inapashwa kuya kusoma hapa darasani." Wakapiga picha, wakaondoka, na sikuwaona tena. Pale njiani bango lao bado limesimama.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Muyisa Jacob, seremala. Jacob alileta mbuzi wa mahari na kabati la vitabu alilolitengeneza kwa mkono wake. Baba alilizunguka kabati lile, akauliza: "Na hii, inakulaka nini?" Kabati liko nyumbani hadi leo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Sadrack, Sagesse na Ariel. Tarehe 17 Novemba 2016 Jacob alikwenda upande wa Beni kununua mbao, akauawa njiani. Kamati iliandika kwamba alifariki. Hakufariki, aliuawa, na mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kutuambia ni nani na kwa nini. Wiki tatu baadaye mke wake alirudi Kyaghanda akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Swali alilolileta siku hiyo lilikuwa: vijana wetu wanaoingia porini kushika bunduki, walitoka nyumba zipi, na sisi tulikuwa wapi? Aliwaita wazazi wa vijana hao, akakaa nao. Wapo waliomnyima salamu kwa sababu hiyo, na wengine wamekuja leo na mashada ya maua.

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, mtaa wetu ulirusha mawe kwenye magari ya wazikaji. Msijifanye mmesahau; hata mimi nilikuwa na jiwe mkononi. Wageni walikuja kutufundisha kwa vipaza sauti. Dada aliwaketisha kwenye benchi moja muuguzi, fundi wa majeneza, na mjane ambaye mumewe alifungwa kwenye mfuko na kuzikwa asimwone. Muuguzi alitaka kuanza na maelezo ya virusi. Dada akamzuia: "Hapana fundisha mutu mwenye analia. Kaa naye kwanza." Walikaa naye siku mbili. Siku ya tatu mjane mwenyewe aliuliza ugonjwa unapita wapi. Mtaa wetu haukurusha jiwe tena.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa mtu mwingine alisome. Mwaka 2017 kamati ya kanisa ilichukua tena kile chumba, ikasema darasa limeanza kuingilia mambo ya mashamba ya watu. Mimi nina kiwanja chini ya Kavisire, ng'ambo ya njia, pakavu, mita ishirini kwa thelathini. Baba alinigawia. Dada alikuja nyumbani kwangu na nanasi, akaniomba nimwazime kiwanja hicho, darasa likae hapo na wapande bustani ya miche. Nilimwambia nataka kujenga depo ya maharagwe. Akasema: "Sawa, mudogo wangu. Jenga." Tukala nanasi. Hakurudia kuniomba. Depo sikujenga. Kiwanja kilikaa na majani na mbuzi wa watu miaka minane, na hiyo miaka minane dada yangu alifundisha chini ya hema la plastiki lililopasuka, kando ya barabara, mvua ikimnyeshea mgongoni. Nilikuwa nikipita hapo na mzigo wangu kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, nampungia mkono. Aliyemnyima alikuwa mtu wa tumbo moja naye, tena kwa depo ambayo haina hata tofali moja. Hakuna adui aliyemtendea hivyo.

Kuanzia mwaka 2022 watu waliokimbia mauaji upande wa Beni na Kamango walifika Butembo kwa wingi, wakatafuta pa kulala. Sina neno baya juu yao. Neno langu ni kwa aliyewauzia. Kaka Melchior aliukata mlima wa baba vipande vipande, juu ya chemchemi, kila kipande mita kumi kwa kumi na mbili. Katika mita hizo mtu anaweka nyumba, jiko, watoto saba, na shimo la choo. Vyoo hivyo viko kumi na saba. Darasa liliandika barua kwenye bureau moja ya serikali, likajibiwa kwamba dossier yao, yaani faili, iko njiani. Ni njia gani hiyo yenye miaka miwili? Dada alikwenda kwa kaka mwenyewe. Nilikuwapo. Alimwomba jambo moja tu: watembee wote wawili kwa miguu, kutoka choo cha kwanza hadi kwenye bomba la chemchemi, wakiangalia. Kaka akasema: "Miye miko mukubwa wako. Utanifundisha nini, mashimo ya choo?" Dada akasema: "Hapana kukufundisha, yaya. Tutembee tu." Hakutembea.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huu marehemu alimtembelea Florentine, mama aliyetoka Kamango, anayesuka mikeka, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Florentine alimpa kikombe cha maji. Dada nyumbani kwake alichemsha maji kila siku ya Mungu, lakini mwenye nyumba anapokupa maji kwa mikono miwili hukatai. Alikunywa. Watu wameshaanza kunong'ona kuhusu kikombe hicho, na ninawakataza hapa, mbele ya jeneza. Mtaa mzima unakunywa maji yale. Florentine alimpa mgeni wake alichonacho, na alichonacho ndicho tulichomuuzia.

Tarehe 12 Septemba alianza homa. Alitibiwa malaria, haikuondoka. Tarehe 25 akalazwa, ikajulikana ni tifoidi. Ule "ugonjwa mfupi" ulichukua mwezi mzima. Akiwa kitandani, hawezi kukaa, alimwambia binti yake Ariel apite kitanda kwa kitanda katika chumba kile, aulize kila mgonjwa anachota maji wapi, na aandike. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Saba wanachota Kavisire. Dada alimwomba Ariel amsomee majina hayo. Kisha akaniita. "Sophie, sikia. Nikikufa, hapana kunizika kule juu. Mwili wangu uko na ugonjwa, na batu banakunywa kule chini. Unaahidi?" Niliahidi. Tarehe 6 Oktoba utumbo ulikuwa umetoboka, wakampasua. Tarehe 11 Oktoba, Jumamosi, saa tatu asubuhi, alifariki. Saa ya Kyaghanda kuanza. Wanafunzi wake walikuwa tayari wamekaa chini ya hema, wakimsubiri Éliakim awaletee habari zake.

Ahadi yangu niliipeleka kwa kaka siku hiyo hiyo. Akasema: "Kwetu mutu wa heshima anazikwa juu. Hatutamutupa bondeni sawa mutu hana kwao." Jumapili kaburi lilichimbwa mlimani, hatua hamsini juu ya chemchemi, na mafundi wakaleta matofali na vigae. Mimi nilinyamaza. Kilio kilikuwa kimenimaliza, na nilizoea kumtii.

Usiku ule mvua ilinyesha. Jana alfajiri Maliro alipanda kutazama, akakuta maji ndani ya kaburi yanafika kwenye kifundo cha mguu. Waliyateka kwa ndoo. Yakarudi. Waliyateka tena, yakarudi tena, safi, baridi, kutoka upande wa mlima. Wanafunzi wa dada yangu walikuja mlangoni kwangu, arobaini na watatu, na hakuna aliyekuwa analia. Florentine ndiye aliyesema. "Mama Sophie, siye hatukukuya kugomba. Tunataka tu kujua. Maji ya ile shimo, inaendaka wapi?"

Nilikuwa na jibu la kuwapa, lakini walikuwa hawajaja kuchukua jibu langu. Florentine alileta rangi yake ya zambarau, ile ya kupaka mikeka, mfuko mzima. Éliakim alipanga saa ya kumimina. Muuguzi alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasichote. Saa mbili asubuhi walimimina rangi ndani ya kaburi la mwalimu wao. Kisha wakashuka, wakaketi kando ya bomba la chemchemi, wengine wakimenya viazi vya matanga. Kaka aliletewa habari, akaja na fimbo yake kuwafukuza. Nilimwekea kiti. Nikamwambia kwa mara ya kwanza katika miaka yangu sitini: "Yaya, kaa." Akakaa, labda kwa mshangao.

Saa tisa kasoro maji yalianza kubadilika. Kwanza tulidhani ni kivuli. Kisha yakatoka bombani ya zambarau, zambarau kabisa, mbele ya mtaa mzima. Mama mmoja alipiga yowe. Maliro alijaza bido, akaliweka miguuni pa kaka, akasema kwa heshima: "Muzee, hii inatoka ku kaburi." Kaka alilitazama bido lile. Akatazama juu, kwenye kaburi. Kisha akatazama juu zaidi, zilipo nyumba alizowauzia watu. Tulimwona akihesabu, midomo inasogea. Akauliza kwa sauti ndogo, na hakuwa ananiuliza mimi, alimuuliza Florentine: "Na bile vyoo?" Florentine akamjibu: "Njo vile vile, muzee. Ile hatukutia tu rangi."

Kaka yangu alilia. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimesubiri machozi hayo tangu siku aliyokataa kutembea, na yalikuja yakiwa yamechelewa kwa mtu mmoja. Alipanda mlima mwenyewe, akachukua chepe kwa fundi, akaanza kufukia. Nami nilikwenda kwenye kiwanja changu nikafukuza mbuzi. Éliakim alipima kwa kamba, akahakikisha hakuna maji chini wala karibu. Tulichimba hadi giza linaingia. Hapo ndipo mnaposimama sasa hivi. Hiki ndicho kiwanja alichokiomba akiwa na nanasi mkononi. Nilimnyima mita mia sita akiwa mzima anafundisha, nimempa mbili akiwa hawezi kusema asante. Hasira yangu kubwa iko hapo, na msitafute maneno ya kunituliza, sitaki.

Mita zinazobaki nimeziandikia Kyaghanda, karatasi imesainiwa jana mbele ya mchungaji na watoto wake watatu. Jumamosi hii, saa tatu, darasa liko hapa. Kaka Melchior amesema atatembea ile njia, kutoka choo cha kwanza. Nimemwambia asije na viatu vya mazishi. Akitembea, kazi inaanza upya ya kutafuta vyoo hivyo vihamie wapi na watu wasifukuzwe, na hakuna kati yetu anayejua jibu. Asipotembea, nitamfuata nyumbani, na nitakwenda na ninyi wote.

Marehemu ameishi miaka sitini na mitatu. Ameacha watoto watatu, Sadrack, Sagesse na Ariel, wajukuu sita, kaka mmoja, mdogo mmoja, wanafunzi arobaini na watatu wenye umri wa miaka ishirini na mbili hadi themanini na moja, wagonjwa saba ambao bado wamelala katika chumba alichofia, mkawaone, na vyoo kumi na saba juu ya maji ya kunywa.

Mungu ampokee mwalimu wetu Kavugho Élise, na ampe lile pumziko ambalo sisi, ndugu zake, hatukumpa.